Tanuri la Pareto na Mkebe wa Kwanza

Jumamosi, 14 Novemba 1959. Tangu alfajiri wingu limekaa juu ya mlima wa Menengai kama mgeni asiyejua kuaga. Rasharasha mpaka saa nne, kisha jua kali, na sasa matope ya mbele ya mlango yanaanza kupasuka.

Hii ni wiki ya kwanza siendi kazini. Vijana wa kiwandani waliponiaga waliniambia, "Mzee Wafula, andika. Wewe umekuwa hapa tangu mapipa yakiwa machache." Nikawaambia mimi ni mtu wa darasa la tatu, na hata hilo la tatu sikulimaliza kwa sababu mwalimu alihama. Wakacheka, wakasema kalamu haiulizi cheti. Basi naandika. Mkiona mahali nimekosea, huenda nimekosea kweli. Nimejaribu kutomwonea mtu, lakini anayesimulia peke yake humwonea mwenzake hata bila kutaka.

Sitaandika nani alipandishwa cheo na nani alipata nini mwisho wa mwezi. Hayo mnayajua, na yanachosha.

Nilifika Nakuru baada ya vita, nikitoka kwetu upande wa Elgon, na nia yangu ilikuwa kazi ya reli. Karani wa reli alinitazama mabega, akaniambia nirudi wiki ijayo. Wiki ijayo akaniambia vilevile. Ndipo nikasikia kwamba kando ya barabara ya Bahati kuna mzungu anayepika pombe ya Waafrika kwa leseni, pombe ya mahindi na wimbi, ile kwetu tunaita busaa, na kwamba anatafuta mtu mwenye mikono. Nikaenda. Niliona aibu kidogo, kwa sababu kwetu pombe hupikwa na wanawake, na mwanamume huitwa ikiwa tayari.

Mwenye kiwanda tulimwita Bwana Kofia. Jina lake halisi lilikuwa refu na halikukaa vizuri mdomoni, lakini kofia yake ilikuwa moja tu, ya kahawia, na hakuivua hata akiwa ndani. Alikuwa amelima pareto pale pale miaka mingi, mpaka yale maua yakamchosha. Kiwanda chenyewe kilikuwa maghala yake ya zamani. Yeye alilala Milimani, ambako harufu ya unga uliochacha haifiki, na nadhani ndiyo maana aliamka na furaha kila siku. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, lakini simcheki, maana changu mimi mwenyewe mtu wa Pwani angekilia.

Aliyenipokea kazini ni Mama Nekesa, mpishi mkuu. Alikuwa mjane wa mtu wa reli. Mumewe alipokufa, reli ilichukua nyumba yake, kwa sababu nyumba ilikuwa ya kazi na kazi ilikuwa ya marehemu. Tangu hapo alikodi chumba Bondeni, kwa mwenye nyumba aliyemkumbusha kila mara kwamba wako wengi wanaokitaka. Askari wa mji walipopita kuuliza wanawake wasio na waume wanafanya nini mjini, alitoa barua ya Bwana Kofia ya kwamba ana kazi, akaikunja tena, akaendelea na kazi zake. Hakupenda kuzungumza habari hiyo. Mimi niliijua kwa vipande vipande.

Siku ya kwanza alinipa sepetu na kunisimamisha mbele ya bati la kukaangia. Kwa wale ambao hawajaona, kazi ni hivi. Unga wa mahindi unachanganywa na maji, unaachwa uchache siku kadhaa, halafu unakaangwa juu ya bati pana lenye moto chini, ukigeuzwa bila kupumzika mpaka uwe na rangi ya udongo mkavu. Upande wa pili, wimbi linalowekwa, linafunikwa magunia mpaka lichipue, linaanikwa juani, linasagwa. Hicho ndicho kimea. Unga uliokaangwa na kimea vinakutana ndani ya pipa la maji, na hapo mwanadamu hana kazi tena ila kungoja na kuchuja. Mimi niligeuza unga asubuhi nzima. Nywele za mikono ziliungua zote. Nilidhani nafanya vizuri.

Mama Nekesa akasimama nyuma yangu.

"Kijana, umeoa?"

"Ndiyo, Mama. Yuko nyumbani."

"Mungu amshike mkono. Unageuza unga kama mtu anayezika mbwa."

Akachukua sepetu, akanionyesha. Siyo kutupa juu, ni kuvuta kuja kwako, kuusikiliza. Unga mbichi hunyamaza juu ya bati, unga ulioiva hulia kama mchanga. Kusikia huko kulinichukua karibu mwaka, na hata baadaye, siku zenye upepo, sikuwa na hakika.

Yeye alikuwa na hakika daima. Sikumwona hata siku moja akisema "labda" juu ya pombe. Kwa mambo mengine alikuwa mtu kama sisi, alikosea njia, alisahau majina, alinunua viatu vilivyombana. Lakini akiweka ulimi kwenye pombe, alisema jambo moja na kunyamaza. Nilimwonea wivu. Mimi nikionja kitu, ninasikia hiki, halafu ninajiuliza kama nimesikia au nimedhani.

Sasa nieleze desturi ya mkebe wa kwanza, maana nasikia ninyi vijana mnaiona kama mchezo wa kuigiza. Kwetu, aliyepika pombe ndiye anayekunywa kwanza, mbele ya macho ya wote, halafu wageni wanafuata. Ni kusema: mimi nimeipika, kama ina neno linipate mimi. Mama Nekesa aliileta desturi hiyo kilabuni kwetu, banda la kunywea pale mlangoni pa kiwanda. Kila Jumamosi mchana, kabla ya mtu yeyote kupewa, alitoka na mkebe, akanywa mpaka chini, akaugeuza. Watu wa kila kabila walikuwa wanamngoja. Walimtania, "Mama, bado uko hai?" Naye alijibu, "Ngojeni kidogo, nasikiliza." Ndipo vicheko, ndipo kuuza. Bwana Kofia mwanzoni aliona ni kupoteza mkebe mmoja. Baadaye alikuwa anakuja kutazama.

Miaka ikaenda hivyo. Pombe yetu ilikuwa kidogo na iliisha Jumapili. Ikiisha, imeisha.

Halafu ikaja ile miaka ya Hali ya Hatari, serikali ilipokuwa ikiwawinda wapiganaji wa msituni. Watu wengi waliondolewa mjini, wengine wakapotea tu bila mtu kusema wamekwenda wapi, na kilabu kikawa na mabenchi matupu. Sisi tuliobaki tulikunywa tukitazama mlango. Lakini barabara zilikuwa zinajengwa, na kule chini ya mteremko, Mai Mahiu, kulikuwa na kambi kubwa ya wavunja mawe. Wakubwa wa kambi hawakutaka watu watoke ovyo kutafuta pombe, wakaona afadhali pombe iwafuate. Wakamwuliza Bwana Kofia kama anaweza kuleta lori zima kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe.

Alitukusanya uani. Tulikuwa mimi, Mama Nekesa, na Rael, mpishi wa pili, mama kijana kutoka upande wa Kericho, mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Walikuwapo pia watu wa kuni na maji.

"Sikia," alisema Bwana Kofia. "Kama sisi napata hii kazi ya kambi, mimi najenga nyumba. Nyumba ya mawe, hapa ndani ya ua. Kila mpishi, chumba na jiko. Wafula pia. Mimi hapana danganya."

Na kweli hakuwa mwongo. Siku ile ile alileta kamba na vigingi, akapima mistari kwenye nyasi. Rael alisimama ndani ya mstari wake akasema, "Hapa ndipo kitanda. Watoto watalala hapa." Watoto wake walikuwa kwa mama mkwe, naye aliwaona Krismasi tu. Mimi nilifikiri habari ya kumleta mke wangu. Mama Nekesa hakuingia ndani ya mstari wake. Alizunguka nje polepole, kama mtu anayetazama ng'ombe wa kununua, akarudi kwenye mapipa. Lakini jioni nilimwona amekwenda tena peke yake, na safari hii alisimama katikati.

Shida ilikuwa kimea. Kimea kinataka jua. Kuongeza mapipa ni rahisi, kuongeza bati na moto ni rahisi, lakini jua la Nakuru halisikii amri, na wakati wa kiangazi upepo unaleta vumbi la magadi kutoka ziwani mpaka kwenye mikeka. Mama Nekesa alisema tuongeze polepole, tutafute wanawake wawili watatu, tuwafundishe, kila mmoja na mikeka yake na mapipa yake. Bwana Kofia alisema kambi haitangoja wanawake wafundishwe. Kusema haki, hata yeye alikuwa na hoja. Mtu mwenye kiu hangoji, na mwenye kiwanda kingine akipata ile kazi, sisi tungebaki na mabenchi matupu yale yale, na siku moja hata barua ya kuonyesha askari isingekuwapo.

Ndipo akakumbuka tanuri. Nyuma ya ghala lilikuwapo tanuri lake la kukaushia pareto, jengo refu jembamba la mawe, moto chini, na juu vitanda vya wavu vimepangwa kimoja juu ya kingine. Lilikuwa limelala miaka. Akaona: maua yamekaushwa humu, kwa nini wimbi lisikauke? Tuliliosha. Nasema tuliliosha, kwa sababu baadaye watu walisema hatukuliosha. Maji ya moto, brashi, siku tatu. Mimi mwenyewe nilikuwa na brashi.

Pareto, kama hamjui, ni maua meupe yanayotengenezewa dawa ya kuua wadudu. Waliowahi kuyachuma wanajua kwamba ukigusa ua halafu ukalamba kidole, mdomo unakufa ganzi. Hakuna aliyefikiri jambo hilo. Au kama alifikiri, alifikiri kimoyomoyo.

Kimea cha kwanza cha tanuri kilitoka kizuri, na pombe yake tuliiuza mlangoni bila neno. Mama Nekesa aliinywa, akageuza mkebe, akasema, "Imekauka haraka, lakini ni pombe." Kwake hiyo ilikuwa sifa. Bwana Kofia alifurahi mpaka akakaribia kuvua kofia.

Tukapeleka lori la majaribio Mai Mahiu, na hapo tukapata somo la safari. Tulikuwa tumefunga mapipa kwa vifuniko vya kukaza. Pombe hii ni kitu hai, inapumua. Kwenye mashimo ya Gilgil pipa la nyuma likafyatuka kama bunduki, na wakati ule haikuwa vizuri kufyatuka kama bunduki popote. Askari wa kizuizi cha barabarani walilala chini wote. Walipoinuka, walikuta dereva wetu amesimama barabarani amelowa kuanzia nywele, akilamba mkono. "Nani amekupiga?" wakamwuliza. "Wimbi," akasema. Tangu siku ile mapipa yetu yanafunikwa kwa gunia na kamba, wala msiache mtu awadanganye kwamba kifuniko cha kukaza ni usafi.

Majaribio hayo yalipita. Mapipa yaliyobaki yalinywewa, wakubwa wa kambi wakasema leteni lori kamili, watu wakiridhika tutaandikiana mkataba. Kwa lori kamili tukajaza tanuri mpaka vitanda vya juu kabisa, ambavyo safari ya kwanza havikuguswa.

Asubuhi ya kupakia, Mama Nekesa alichota kutoka pipa la mwisho, akaonja. Akatema. Akaonja tena. Akaenda kwa Bwana Kofia aliyekuwa anakagua kamba.

"Bwana, hii ina ganzi."

"Ganzi gani?"

"Ya mdomo. Ya maua yako."

Bwana Kofia akachota, akanywa, akangoja na kiko mkononi. "Mimi hapana sikia kitu."

Akamwita Rael. Rael akanywa, akalamba midomo. "Mimi naona ni nzuri, Bwana. Chachu yake iko juu kidogo, basi." Sidhani alisema uongo. Namjua Rael, uongo wake huonekana masikioni.

Akanigeukia mimi. Nikanywa. Nilisikia kitu, au nilisikia asubuhi ya baridi kwenye midomo mikavu. Nikasema kama ilivyokuwa, "Bwana, sina hakika."

"Sasa," akasema Bwana Kofia, "moja nasema ndiyo, mbili nasema hapana, moja hapana jua. Panda lori."

Hakuna aliyelaumiwa pale. Mama Nekesa alipanda akakaa juu ya magunia. Rael aliimba mpaka Naivasha.

Kambi ya Mai Mahiu ilikuwa mahema na vibanda vya bati chini ya ule ukuta wa milima, vumbi la mawe likiwa jeupe juu ya kila kitu, hata juu ya kope za watu. Nyapara wao aliitwa Odera, mtu wa ziwa lile lingine, lile kubwa, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya korongo. Wanaume walikuwa wamekaa kwa mistari na mikebe yao. Kwa majaribio walikuwa wamekwisha kuiona ile desturi, na waliipenda.

"Mama!" akaita Odera. "Tuonyeshe kama tutaamka kesho!"

Wakacheka. Rael akachota mkebe wa kwanza, akampa Mama Nekesa kwa mikono miwili. Mama Nekesa akaupokea. Aliutazama muda. Mimi nilikuwa karibu, niliona kidole gumba chake kikisugua ukingo wa mkebe. Nilijua anafikiri nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiri vilevile: ile mistari ya kamba kwenye nyasi.

Akaurudisha mkebe kwa Rael.

"Sinywi," akasema. Hakupaza sauti.

Kicheko kikakatika. Uso wa Rael ukawa rangi ya udongo. "Mama, usifanye hivi," alimwambia chini kwa chini. "Mama, tafadhali. Watoto wangu."

"Najua, mwanangu."

"Basi nitakunywa mimi. Na mimi nimepika." Na Rael akanywa, mkebe mzima, akaugeuza juu chini mbele yao kama alivyomwona mwenzake akifanya miaka yote. Tone halikudondoka.

Hakuna aliyeinuka.

Odera akauliza, "Mpishi mkubwa ni nani?"

"Ni yule," watu wakasema.

Bwana Kofia, aliyekuwa amekuja na gari lake dogo nyuma yetu, akapita katikati, akachukua mkebe, akachota mwenyewe, akanywa wote. Sijawahi kuona mzungu mwingine akinywa pombe yetu mbele ya watu wa mawe namna ile. Nilimheshimu. Akafuta masharubu. "Iko sawa!" akasema. "Mimi nakunywa, mimi nasimama."

Odera akamjibu kwa adabu, "Bwana mkubwa, tumeona. Lakini pombe hii imenywewa na wote isipokuwa mwenyewe." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe fundi? Wewe huna neno?"

Nilitamani aniruke. Nikachota. Nikanywa polepole, nikashikilia mdomoni, nikameza, nikangoja. Watu wote wakangoja nami. Jua lilikuwa juu, hapakuwa na baridi ya kusingizia. Na mdomo wa chini ukaanza kulala, polepole, kama mguu ulioukalia.

"Mimi nasikia ganzi," nikasema.

Odera akatikisa kichwa, akawaambia watu wake wainuke, wakaenda zao na mikebe mikavu. Hawakututukana. Mmoja tu alisema akipita, "Pole, mama," na sikujua anamwambia yupi.

Rael alinisogelea mpaka uso wake ukawa karibu na wangu. "Umeinywa nyumba yangu, Wafula," akasema. "Imeshuka vizuri?"

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, na haki inanilazimisha kuandika yote. Huenda vitanda vya juu vilibaki na vumbi la maua kwenye nyuzi za wavu, na mvuke wa wimbi bichi ukalitoa. Huenda ni safari na joto la lori. Sikuona mtu akiugua kwa pombe ile, lakini sikuona mtu akiinywa vya kutosha kuugua. Na huenda mdomo wangu ulilala kwa sababu Mama Nekesa alikuwa ananitazama. Nililosema ndilo nililosikia. Kama nilisikia sawasawa, hilo ni swali jingine.

Tulimwaga mapipa yote palepale, kwenye mfereji. Bwana Kofia aliyasukuma kwa mguu mwenyewe. Njia nzima ya kurudi tulikuwa watatu juu ya lori tupu, na vyombo vitupu vinapiga kelele nyingi, kwa hiyo hatukulazimika kuzungumza.

Kesho yake alinikuta kwenye mikeka nikigeuza wimbi.

"Wewe, ile jana kweli?"

"Bwana, nilisikia. Zaidi ya hapo sijui."

Akavuta kiko, akakitazama. "Mimi navuta hii miaka mingi. Pengine ulimi yangu amekufa zamani." "Kambi nataka mimi nalete ingine wiki kesho. Naweza. Naosha tanuri tena, natoa vitanda ya juu, natafuta mpishi nakubali kunywa. Naweza."

"Ndiyo, Bwana."

"Lakini wewe natia shaka, na bibi hapana kunywa, na mimi hapana sikia kitu." Akanipa kufuli la tanuri. "Funga."

Nikafunga. Ile kazi ya kambi ilichukuliwa na mwingine, na nasikia watu walikunywa, wakaridhika, na barabara ikajengwa. Sitasema pombe yao ilikuwa mbaya. Sikuionja.

Sisi tuliongeza polepole, kwa njia aliyoitaka Mama Nekesa: mwanamke mmoja, mikeka yake, mapipa yake, na mahali pake pa kusimama na mkebe wake. Rael hakusema nami msimu mzima wa mvua. Alinipa sepetu kwa kuitupa chini. Halafu siku moja unga uliungua kwenye bati langu, naye akapita akasema, "Hata mbwa unamzika vibaya," na nikajua tumerudiana. Baadaye alipewa kilabu cha Bahati, akakisimamia mwenyewe, na nyumba za kwanza zilipojengwa, chache, baada ya miaka, yeye ndiye aliyeingia wa kwanza na watoto wake, wakubwa tayari, wanagonga kichwa mlangoni. Mimi nilipata ya mwisho, nikamleta mke wangu.

Mama Nekesa hakuzingoja. Mwenye chumba cha Bondeni alikitaka, na ndugu yake wa Kitale alisema anaweza kumpa kona. Nilimbebea sanduku mpaka stesheni. Nilitaka kumwuliza kama alijuta. Badala yake nikamwuliza kama ana chakula cha njiani.

"Ninacho," akasema. "Mwambie Rael asikaushe wimbi kama anaanika nepi. Lienezwe." Gari moshi likapiga honi, akapanda, akahangaika na dirisha mpaka likafunguka. "Na wewe, Wafula, ulichelewa asubuhi ile."

"Ndiyo, Mama."

"Lakini mchana ulifika." Halafu akaanza kugombana na mtu juu ya kiti.

Sijui kama nyumba ya mawe ni kitu kikubwa kuliko pombe nzuri. Nimelala ndani ya nyumba hii ya mawe miaka miwili, na mvua haiingii. Yeye analala kwenye kona ya mtu. Ndiyo hesabu, na siwezi kuifunga.

Leo mchana, jua lilipotoka, amekuja kijana mwenye kiwanda sasa, mtoto wa dada yake Bwana Kofia. Amekaa kwenye kiti changu kimoja, sigara mkononi, mimi nikakaa juu ya sanduku, maana tunafungasha; nyumba ni ya kazi, nami sina kazi tena. Anataka kuleta mashine ya kukausha, na vilabu vinne vipya mara moja. Ni mtu mwema, anauliza. "Mzee, ungekuwa mimi ungefanyaje?" Nikamwambia siwezi kuwa yeye. Akasisitiza. Nikamwambia aache sigara mwezi mmoja, halafu aonje mwenyewe asubuhi, kabla lori halijapakiwa, na kama atasikia kitu, hata kidogo, hata kama hana hakika, akiseme pale pale. Alicheka akidhani namtania juu ya sigara. Hata hivyo alipoondoka aliiacha moja dirishani, haijawashwa. Huenda ameisahau.

Jioni tumekula ugali na kunde, na viazi viwili vilivyobaki gunia lilipofungwa. Mke wangu alinitazama nilipoanza, akaniuliza kama chumvi imekaa sawa. Nikamwambia imezidi. Hakukasirika. Akaongeza maji kidogo kwenye kunde, akazirudisha jikoni, tukangoja.